Jiwe la Ng'ombe la Ibambala

Nilifika Ibambala nikiwa na vumbi la nusu ya nchi mwilini. Siku hizo reli ya Tanga na reli ya kati zilikuwa kama ndugu waliogombania shamba, kila moja na njia yake, hazikutani. Kwa hiyo kutoka kwetu Muheza nilipanda lori la mkonge hadi Korogwe, nikapanda jingine la mahindi kupitia Handeni, tukalala Turiani kwa sababu daraja lilikuwa limechukuliwa na mto. Tulipofika Morogoro sikuwa na hakika kama mifupa yote niliyoondoka nayo nyumbani ilikuwa bado mahali pake. Hapo nikapanda treni. Ilikuwa wakati wa vita, na mabehewa yalijaa askari walioimba mchana kutwa kana kwamba wanakwenda harusini.

Tabora nilikaa miezi kadhaa nikifundishwa kugonga simu, yaani kutuma maneno kwa nukta na mistari, na kusoma taratibu za njia. Kisha nikapewa kofia, bendera mbili na tikiti ya kwenda kaskazini, njia ya Mwanza. Baada ya Isaka miti iliisha. Ikabaki mbuga nyeusi, anga, na ng'ombe. Sijawahi kuona ng'ombe wengi kiasi kile. Nilimwuliza gadi wa treni Ibambala ni mji wa namna gani. Akacheka akasema, "Bwana mdogo, ukiona tanki la maji limesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na basi, hapo ndipo kwako."

Nawaandikia nyinyi vijana mnaotoka Tabora sasa na kofia mpya. Mtasikia mengi kuhusu vyeo, nani alipanda na nani aliachwa. Mimi sina la kusema juu ya hayo. Nataka kuwaambia habari za jiwe moja, kwa sababu mtapita Ibambala mtaliona limepakwa chokaa, na mtu atawaambia uongo juu yake.

Kituo kilikuwa jengo la mawe lenye bati jekundu, chumba cha simu, ghala la pamba, ngazi ya kupakilia ng'ombe na nyumba nne za wafanyakazi. Kilichofanya treni zisimame pale hakikuwa abiria. Kilikuwa maji. Injini za wakati ule zilikunywa kama ngamia, na katikati ya mbuga ile Ibambala ilikuwa na lambo. Pampu ya mkono wa chuma iliyavuta maji kutoka lamboni, ikayapandisha kwenye tanki, na kutoka kwenye tanki yakashuka kwa lile bomba refu lililoinama juu ya njia, tuliloliita twiga. Dereva alisimamisha injini chini ya twiga, mchochea moto akapanda, akavuta mnyororo, na kituo kizima kikanukia mvuke na makaa yaliyolowa. Hata leo nikisikia harufu hiyo mahali popote, nageuka.

Steshenimasta alikuwa Bwana Ramji, Mhindi mwembamba aliyekunywa chai ya tangawizi na kuogopa nyoka kuliko wakubwa wake. Alinifundisha kazi kwa maneno machache. "Usimpe dereva kibali kabla ya kusikia kituo cha mbele kwa sikio lako mwenyewe. Usimwamini mtu anayesema njia ni nyeupe. Na usimwulize Luhende habari za pampu."

"Kwa nini nisimwulize?"

"Kwa sababu atakujibu."

Luhende ndiye aliyekuwa mtu wa pampu. Alikuwa Msukuma wa hapohapo, mrefu, na alikuwa na watoto pacha, Kulwa na Doto, kwa hiyo wote tulimwita Baba Kulwa. Alinizidi umri sana, lakini hakunifanya nijione mgeni. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Baba Kulwa," akaitika, "Marahaba. Umekuja kugonga simu? Vizuri. Mimi nagonga maji. Tutaona nani atasikika mbali." Tangu siku hiyo kijiji kizima kiliniita Ng'wana Simu, mwana wa simu, na jina la baba yangu likabaki kwenye karatasi za Tabora.

Alinifundisha mambo ambayo Tabora hawakuyajua. Alinionyesha jinsi ya kukata utambi wa taa ya ishara kwa mshazari ili usitoe moshi, na jinsi ya kujua treni imefika kilima cha Ng'ombe Wawili kwa kutazama mbuzi waliolala kwenye kokoto za njia: wakiinuka, una muda wa kufunga viatu; wakikimbia, huna. Alijua pampu yake kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe. Ndani ya silinda yake mlikuwa na kikombe cha ngozi kilichobana maji yasirudi chini. Ngozi hiyo aliikata mwenyewe kutoka mgongoni mwa fahali, akailoweka mafuta ya ng'ombe na kuichoma kidogo ukingoni. Za kutoka ghala la reli hakuzitaka. Alisema zilikuwa ngozi za wanyama waliokufa bila kujulikana.

Kiangazi cha kwanza kilipokolea nikaona jambo la ajabu. Asubuhi moja Luhende alirudi kutoka lamboni akaenda moja kwa moja kwa Bwana Ramji. "Pampu inaumwa," alisema. Bwana Ramji hakumwuliza neno. Alinitazama mimi, akasema, "Gonga. Ibambala hakuna maji, pampu mbovu. Injini zinywe vituo vya jirani." Niligonga. Kituo cha kusini kikajibu bila kushangaa, "Tunajua. Huugua kila mwaka."

Niliposhuka lamboni nikaelewa. Katikati ya maji palisimama jiwe la kijivu, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Wiki iliyopita lilikuwa limezama. Sasa kilele chake kilikuwa juu, kikavu. Na Luhende alikuwa amekaa kwenye tuta, kikombe cha ngozi kimo mfukoni mwake.

Akanieleza. Zamani reli ilipopita hapa, hapakuwa na lambo, palikuwa na bonde tu la udongo mzito. Injinia wa kwanza, Mzungu mwenye ndevu nyekundu, alitaka maji. Wazee walikubali lichimbwe bondeni mwao. Vijana wa basumba, chama cha vijana wa kazi, walichimba kwa majembe na nyimbo, na tuta lote lilishindiliwa kwa miguu ya wachezaji, mvua hata mvua, Luhende mwenyewe akiwemo. Sharti lilikuwa moja. Jiwe likionekana, injini zisinywe. Maji ya chini ya jiwe ni ya ng'ombe mpaka mvua irudi. Fahali mweusi akachinjwa, injinia akala nao kwenye chombo kimoja, akalamba vidole, akasema amekubali.

"Mliandikiana?" nilimwuliza.

Luhende alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama aliandikiana na mkewe. "Ng'wana Simu, mtu wa ukoo akila, ukoo umekula. Yeye alikuwa mtu wa leli. Leli imekula fahali wetu."

Ndivyo walivyoamini, kijiji kizima, wazee kwa vijana. Hawakuwa wajinga. Kwao hapakuwa na kitu kikubwa chenye wafanyakazi, nyumba, sheria na jina kisichokuwa na ukoo. Injinia aliondoka, lakini ukoo hauondoki. Na kwa miaka mingi mambo yalikwenda hivyo. Ma-steshenimasta walikuja na kuondoka, kila mmoja akafundishwa na aliyemtangulia kwamba pampu ya Ibambala huugua. Madereva Makalasinga walitania wakipita, "Luhende! Mgonjwa hajambo?" Naye hujibu, "Anakula uji tu!" Hakuna treni iliyowahi kukwama. Zilikunywa mbele, zikanywa nyuma, na mvua ya kwanza ikishuka Luhende alirudisha ngozi na pampu ikapona.

Nilihamishwa mara nyingi katika miaka hiyo. Mimi ni mtu wa miguu isiyotulia. Nimekaa Bukene, Malampaka, nimekaa Mwanza nikitazama watu wakivuka kwenda Geita kutafuta dhahabu na wakirudi na homa. Kila nilipokuwa niliomba nirudishwe Ibambala, na hatimaye nilirudishwa kukishika kituo, kwa maana Bwana Ramji alikuwa anastaafu kwenda kwa wanawe Dar es Salaam. Aliponikabidhi funguo alisema maneno matatu tu: "Pampu unaijua. Usiiponye."

Kisha ukaja mwaka ambao mvua za vuli hazikuja kabisa, na za masika zilinyesha kama mtu anayetema mate. Jiwe lilionekana mapema kuliko nilivyowahi kuona. Luhende akaja, nikagonga simu kama kawaida. Lakini mwaka huo pamba ilikuwa imejaa maghalani tangu msimu uliopita ikingoja treni, na kule juu kulikuwa na mkaguzi mpya wa njia aliyechoka kusikia juu ya ugonjwa huo.

Alikuja kwa kiberenge, na kasha la vifaa. Hakusalimu mtu. Alishuka lamboni, akafungua silinda ya pampu, akachungulia.

"Ngozi iko wapi?"

"Imekufa, Bwana," Luhende alisema.

"Lini?"

"Jiwe lilipotoka."

Mkaguzi aliniangalia mimi. Nilimweleza jambo lote tangu mwanzo, kwa Kiingereza changu cha sekondari, na nikamwonyesha kuwa treni zinaweza kunywa vituo vya jirani kama miaka yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Nakiri alisikiliza. Halafu akasema kwa Kiswahili, ili Luhende aelewe, "Nani alikubali mambo haya?"

"Bwana wa kwanza. Mwenye ndevu nyekundu. Alikula nasi."

"Alikula nini?"

"Fahali mweusi."

"Basi mlimlisha bure. Yeye alikuwa mtu, reli si mtu. Reli haina ukoo."

Wanawake waliokuwa wakichota walisimama na vibuyu vyao. Mama Kulwa, mke wa Luhende, akauliza kwa sauti, "Anasema nini huyu?" Mumewe akamjibu kwa Kisukuma. Mama Kulwa akacheka, kicheko kifupi cha kuudhika. "Haina ukoo? Mbona ina watoto wengi hivi wanaokuja kunywa kwetu?"

Mkaguzi hakuwa amekuja kutengeneza pampu. Alikuwa ameleta nyingine. Ilishushwa kutoka treni ya jioni, pampu ya injini ya mafuta, na gengi la watu wa kuifunga. Ili bomba lake lifike kwenye kina, walikata mfereji katikati ya tuta, tuta lilelile la miguu ya wachezaji, wakalaza bomba, wakafukia kwa sepetu, harakaharaka, udongo mkavu bila kushindilia. Luhende aliwaambia wapasue mahali pengine, au wangoje awaitie vijana wakanyage. Mnyapara wa gengi, mtu wa Dodoma, alimjibu, "Mzee, sisi hatuchezi ngoma kazini."

Niligonga simu makao ya wilaya ya reli. Nikaeleza upya. Jibu lilikuja fupi hata mwanafunzi wa Tabora angelisoma: pandisha maji, acha mjadala.

Vijana wa kijiji walikuja na mashoka wakitaka kulikata lile bomba. Luhende ndiye aliyewazuia. Alisimama juu ya tuta akawaambia lambo ni lao, mtu hakati mkono wake kwa kumkasirikia mgeni. Mkaguzi ni mtoto, wakubwa wa ukoo wake watamwita na kumkanya. Alikuwa akisema kweli yake yote. Wakarudi nyumbani. Mpaka leo sijui ingekuwaje kama angewaacha.

Pampu mpya haikuugua hata siku moja. Ilinguruma mchana kutwa na maji yakashuka chini ya jiwe, yakaacha tope, tope likapasuka. Ng'ombe walianza kufa pembezoni. Wenye akili walianza kuwauza. Serikali nayo ilikuwa ikisema kwamba Wasukuma wana mifugo kupita kiasi, kwa hiyo wanunuzi walikuwa tayari, na ngazi yetu ya kupakilia haikupumzika. Mimi ndiye niliyeshika bendera. Ng'ombe wa Ibambala walipanda mabehewa wakilia, injini ikasimama chini ya twiga ikanywa mpaka ikatapika, kisha nikainua kijani. Waliondoka wakivutwa na maji yao wenyewe.

Luhende alipakia wa kwake siku ya soko la mwisho. Aliwaita kila mmoja kwa jina mpaka mlango ukafungwa. Kesho yake aliitwa mbele ya mkaguzi ofisini mwangu, aulizwe kama amekuwa akiharibu mali ya reli kwa makusudi. Hakusubiri swali liishe. Alitoa kikombe cha ngozi mfukoni akakiweka mezani.

"Huyu ndiye mgonjwa," alisema. "Mimi nilikuwa muuguzi tu."

Aliachishwa kazi hapohapo. Alikiokota kikombe chake, mkaguzi alipotaka kukishika akamwambia, "Hii ngozi ni ya fahali wangu. Leli yako haina ng'ombe." Akatoka.

Mvua zilirudi mwishoni mwa mwaka, nyingi, kama za kuomba radhi. Lambo lilijaa usiku mmoja, na alfajiri tuta likapasuka palepale lilipokatwa mfereji. Maji yote yakashuka mbugani, yakabaki mabwawa ya vyura. Niliomba mafundi. Niliomba tena. Lakini kwa wakati ule injini mpya zilikuwa zimeanza kupita, ndefu, zenye matanki mbele na nyuma, ambazo hazikuwa na haja ya kunywa kwetu. Pampu ya mafuta ikafunguliwa ikapelekwa kwingine. Kuhusu tuta nilijibiwa kwamba lambo lile si mali ya reli, ni la wenyeji. Lilipokuwa na maji lilikuwa letu. Lilipopasuka likawa lao. Someni jibu hilo polepole, vijana. Mtalipata tena kwa maneno mengine.

Mwanangwa, mkuu wa kijiji, aliwaita basumba waje wazibe. Wakaja wachache. Wengine walikuwa wamekwenda kwenye almasi na dhahabu, kwa kuwa kijana asiye na ng'ombe hana cha kukaa akichunga. Waliobaki waliimba siku mbili, wimbo ukawa mwembamba, wakaacha.

Halafu yakaja mambo ya bustani. Makao makuu yalitaka vituo vipambwe, na kituo kizuri kipewe zawadi. Mkaguzi, yuleyule, akaamua Ibambala ishinde. Gengi likaenda kwenye lambo kavu, likalifunga jiwe kwa minyororo, likaliburuta mpaka jukwaani. Likapakwa chokaa na kuandikwa jina la kituo kwa rangi nyeusi. Pembeni maua. Maua yalihitaji maji, kwa hiyo sasa treni ndizo zilizotuletea maji, behewa zima la tanki, na amri ilikuwa maua kwanza. Wanawake walisimama nje ya uzio na ndoo zao. Niliwaachia bomba kila mkaguzi alipokuwa hayupo, na alipokuwapo nilijifanya simu inaniita, nikaacha lango wazi.

Siku ya wageni alikuja bibi mmoja mwenye kofia pana na kamera, pamoja na wakubwa. Walitaka kuelezwa historia ya kituo. Nikaeleza. Nikasema jiwe hili lilikuwa kipimo cha ng'ombe, nikasema habari za fahali na ndevu nyekundu.

"Vizuri sana!" yule bibi alisema. "Na sasa ng'ombe wanakunywa wapi?"

Nilifungua mdomo, mkaguzi akatangulia. "Wamepunguzwa, kwa faida yao wenyewe."

Akapiga picha. Kituo kilipata zawadi ya pili. Sijui kituo cha kwanza kilikuwa kimeng'oa nini.

Niliandika barua ya kuacha kazi wiki hiyo. Wenzangu walisema nimechoka mapema, mtu wa miaka arobaini na kitu. Kweli, nimezunguka sana, na nitazunguka tena. Ila nilikuwa nimejifunza kupenda kituo kimoja, na sikutaka kukaa nikipalilia kaburi lake.

Siku ya kuondoka, treni mbili zilipishana Ibambala, yangu ya kusini na nyingine ya Mwanza. Nilimkuta Luhende jukwaani na sanduku la bati. Mama Kulwa alikuwa amekalia jiwe, amefunika jina la kituo kwa khanga yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

"Shikamoo, Baba Kulwa. Safari ya wapi?"

"Marahaba, Ng'wana Simu. Nyalugusu."

"Kuchimba dhahabu, kwa umri huu?"

"Nichimbe nini? Wamesikia kuna mtu wa pampu. Mashimo yao yanajaa maji, wanataka mtu wa kuyatoa."

"Mkishayatoa mnayapeleka wapi?"

Alitazama njia, kule tanki lilikokuwa. "Wanayamwaga," alisema. "Mchana kutwa. Yanatoka safi kabisa, wameniambia, halafu yanamwagwa polini."

Mama Kulwa alisonya. Treni ya Mwanza ilipiga honi. Luhende akapapasa mfukoni, akahakikisha ngozi yake ipo, akachukua sanduku. Mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya behewa aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe wake wapakiwe nikamwona akicheka.

"Pampu ya huko, Ng'wana Simu, hailuhusiwi kuugua. Ikiugua, watu wanazama."

Yake ilitangulia. Yangu ikapita chini ya twiga bila kupunguza mwendo. Mnyororo ulikuwa umekatwa, na shomoro walikuwa wakiingia na majani mdomoni mwa bomba.